Yasiyoingia Kwenye Kumbukumbu

Kikao kilifunguliwa saa moja na dakika kumi usiku
kwa sala fupi ya Waylon Hruska,
aliyetoka moja kwa moja kwenye mabanda ya nguruwe
akaketi karibu na mlango, kwa kuwahurumia wenzake.
Sala nimeiandika. Huruma haina safu yake.

Waliohudhuria: tisa. Wenye udhuru: wawili,
mmoja ng'ombe wake anazaa, mwingine ana mtihani wa hesabu.
Mahali: chumba cha chini ya kanisa, Nebraska,
theluji imeziba dirisha moja na nusu,
na ukutani rafu za kina mama wa Kilutheri:
matango, pichi, bitiruti ndani ya siki,
kila chupa na mwaka wake kwa kalamu ya risasi.

Sisi ni vijana wahafidhina wa kaunti hii.
Wenzetu waliokwenda chuo wanatucheka:
mna miaka ishirini, mnaongea kama mna sitini.
Wacheke. Aliyeuona mnada wa shamba la babu yake,
trekta likiuzwa, kisha kochi, kisha kitanda,
hazeeki kwa kuhesabu miaka.

Ajenda ya kwanza ilikuwa kodi ya ardhi.
Marit Tolliver alisimama na bahasha ya kaunti,
akaisoma polepole, tarakimu kwa tarakimu,
mpaka sauti ikamkauka.
"Serikali," akasema, "ni mgeni aliyekuja kwa chajio
akaondoka na hati ya nyumba."
Tukagonga meza, kahawa ikamwagika.
Nimeandika: wajumbe waliafiki kwa kauli moja.

Ya pili, mitambo ya upepo, hatukuifikia,
kwa sababu Corwin, ambaye huwa hasemi,
aliuliza kuhusu shule.

Shule yetu. Matofali mekundu, kengele yenye ufa.
Bodi inataka kuifunga mwezi wa tano.
Darasa la kwanza lina watoto wanne,
na watatu kati yao, wazazi wao
wako zamu ya usiku kwenye kiwanda cha nyama,
watu wa Guatemala, ambao mwezi uliopita,
kwenye chumba hiki hiki,
tulipitisha azimio juu yao. Mwandiko ni wangu.
Mgeni siku ya tatu hupewa jembe;
hawa tuliwapa visu siku ya kwanza.

"Sheria ni sheria," alisema Waylon.
"Sijasema si sheria," akajibu Corwin.
"Nimesema ni watatu kati ya wanne.
Na nguruwe wako, nani huwachinja?"
Waylon akatazama buti zake muda mrefu.

Kisha Marit, taratibu, kama anayetoa kibanzi kidoleni:
kuiacha shule wazi ni kupandisha kodi.
Ile ile. Bahasha bado iko mkononi mwake.
Mama yake alifundisha pale miaka ishirini na sita.

Hapo hakuna aliyegonga meza.

Tunasema tunahifadhi. Tunahifadhi nini,
senti au kengele?
Kuna kuhifadhi kwa siki, kitu kikabaki na rangi yake
na kisiote tena daima;
na kuna kuhifadhi mbegu,
ambayo siku ikifika huna budi kuitupa matopeni.
Nilitaka kusema hivyo. Lakini katibu huandika.

Kura: wanne wakaitaka shule, wanne wakaikataa.
Wote wakanigeukia.
Nikaomba dakika tano.

Waylon akafungua chupa ya bitiruti kwa kisu cha mfukoni,
tukala kwa vidole, tumesimama, bila sahani.
Nje gari la kaunti la kusukuma theluji likapita,
likituchongea njia ya kurudi nyumbani
kwa kodi zetu. Hakuna aliyelitaja.

Kikao kiliahirishwa saa tatu na robo.
Kwenye karatasi, mahali pa kura yangu,
pana alama ya kidole, nyekundu,
isiyosomeka ndiyo wala hapana.