Kona ya Kulia, Nyuma

Saa mbili asubuhi, gereji ya Maweni,
Datsun ya Mbaruku imelala kifudifudi.
Kona tatu zimeamka.
Ya nne, kulia nyuma, bado imebusu changarawe
kama mtoto aliyegoma kwenda chuoni.

Sikuwahi kuipenda, nisiseme uongo.
Ilipokuja mara ya kwanza, springi zimeng'olewa,
tumbo linakwaruza tuta la Barani,
nilimwambia: babako alibebea mawe ya ujenzi hii,
wewe umeifunza kutambaa.
Akacheka. Hakujibu.

Leo hacheki. Anatazama saa.

Basi tuulize kwa zamu, tusikurupuke.
Kompresa inanguruma? Inanguruma.
Tangi limejaa? Mshale umesimama mia na ishirini.
Fyuzi nzima. Rilei inagonga, tak,
kama mtu anayekubali jambo asilolielewa.
Bonyeza swichi.
Kushoto inainuka kwa adabu.
Kulia, kimya.

Nikavuruga sabuni ya unga kwenye kopo la maziwa,
nikapaka kila kiungo, kila nati,
mgongo juu ya katoni, macho juu.
Pumzi inayotoroka haijui kujificha,
itachemsha povu tu.
Povu halikuchemka. Lilinidondokea jichoni.
Nikatukana kwa Kigiriama,
na Mbaruku, ambaye mamake ni Mgiriama,
akajifanya anasoma kalenda ukutani.

Puto halijatoboka, nikasema. Bomba halivuji.
Hewa haitoroki. Hewa haifiki.
Hayo ni mambo mawili,
na nimeona watu wakinunua puto jipya
kwa kutoyatofautisha.

Lini ulimwaga maji ya tangi?
"Maji gani? Si ni hewa?"

Hewa ya Malindi, kijana!
Chumvi ya kwenu jikoni humwagika,
au hung'ang'ania kopo mpaka ulipige kofi?
Unachovuta hapa ni bahari, imesagwa tu.

Nikafungua koki ya chini.
Yakatoka ya kahawia, mazito,
kama Sabaki mwezi wa tano inapoingia ufuoni
na wageni wa hoteli hukunja taulo zao.
Kikombe kimoja. Kikombe na nusu.
Kisha hewa, kavu, ikipiga mluzi.

Halafu vali. Nati mbili, oringi iliyochoka,
na ndani kabisa kipistoni kama punje ya hindi,
kutu imekishika kiuno.
Nilikisugua kwa msasa laini, tone la mafuta,
nikakipuliza kwa mdomo wangu mwenyewe.

Ndipo aliposema, bila kuulizwa:
"Mama hawezi kupanda tena.
Tangu kiharusi, mguu wa kushoto haumsikii.
Ikishuka mpaka chini anakaa tu, kama kitini kwake,
halafu tunainuka naye.
Njia ya Kakuyuni haitaki gari la chini.
Daktari wa mazoezi anatungoja saa nne."

Spana ilinipotea mkononi.
Miezi minane nilidhani ni mashauo.

Nikarudisha nati. Bonyeza.
Kimya.
Bonyeza tena, usiachie.
Puto likavuta pumzi ndefu, likajaza mashavu,
changarawe zikaachia bodi moja moja.
Wahenga walisema aliye juu mngoje chini.
Hawakusema umngoje wapi aliye chini.

Haikusimama sawa. Kulia imepungua
upana wa vidole viwili.
Hiyo ni oringi, nikamwambia, rudi Jumatano,
na maji yamwage kila Ijumaa, kabla hujaoga.
Akatoa pesa. Nikachukua nusu,
nikasema nyingine ni ya Jumatano,
ingawa sote tulijua oringi ni bei ya chapati.

Aliondoka mbio kuliko nilivyopenda.
Nilizima redio, nikasimama mlangoni na kitambaa mkononi
nikilisikiliza tuta la Barani.

Sikusikia chuma.