Shilingi Kumi kwa Herufi

Fundi Obiero wa Kibuye huchonga misalaba,
vikombe vya mashindano ya shule,
mabamba ya shaba ya kubandikwa juu ya majeneza.
Kila herufi shilingi kumi. Nukta ni bure.

Nilimpelekea bangili ya chuma kisichoshika kutu
na mia mbili na hamsini za kuchonga:
herufi ishirini na tano
za kumweleza mtu nisiyemjua
namna ya kunirudisha.

Nikaanza na MZIO.
Herufi nne, nikadhani nimeokota neno la bei ya kutupa.
Obiero akavua miwani.
"Mzio ndio nani, mama? Baba watoto?"
Basi nikajua: kama mchonga maneno halijui,
kijana wa boda atakayeniokota Kondele
atalitoa wapi?
Andika ALEJI. Kumi juu. Hilo hata muuza omena analo.

Kisha nikasema: NJUGU HUUA.
"Hiyo methali," akasema. "Watu wataitikia, waende zao."

NJUGU HUNIUA.
Akacheka hadi patasi ikamponyoka.
"Huniua! Hiyo hu ya kila siku?
Mtu hufa mara ngapi, mama?"

Mara mbili, nikamwambia.
Ya kwanza darasa la tano, kwa kipande cha kashata
nilichopewa na rafiki aliyenipenda.
Ya pili ukweni, Seme:
osuga imelala kwenye rojo la njugu,
na bibi arusi hakatai chungu cha mama mkwe.
Tonge moja.
Midomo ikavimba kama imekopwa kwa mtu mwingine,
koo likafunga mlango na kutupa ufunguo,
na nje shangazi mmoja akisema,
ni haya tu, atazoea.

Obiero hakucheka tena.
Akachukua penseli ya seremala,
tukahesabu pamoja kwa vidole:
ALEJI NJUGU SINDANO MKOBANI.
Ishirini na nne.
Nambari ya simu haikuingia.
Jina langu lina sita, nami nimebakiwa na moja.
Weka A, nikasema.
Apondi atajaza mwenyewe akizinduka.

Mama Dorsila alipoiona mara ya kwanza
aliushika mkono wangu kama anayeshika samaki aliyechina.
"Nani amekufunga hirizi?"
Yeye hasomi. Nikamsomea neno kwa neno,
nikapeleka kidole chake kwenye michoro.
Alisema maji ya chai yanachemka, akaondoka.

Lakini Aprili, matanga ya shemeji,
sufuria kumi na moja zimepangwa chini ya turubai,
nilimwona akipita kutoka moja hadi nyingine,
akichovya, akilamba, akitema pembeni,
uso umekazwa kama wa mkaguzi wa kaunti.
Kwenye ya saba akaita mtoto:
"Hii isifike meza ile."
Kwangu hakutazama kabisa.

Nimesahau kusema jambo.
Siku ile naichukua bangili, baada ya A
niliona pengo, upana wa ukucha wa kidole gumba.
Hii nafasi ya nini, fundi?
Obiero akainamia benchi, akapuliza vumbi lisilokuwepo.
"Mkono umezoea, mama. Jina, halafu mwaka,
halafu naacha mahali.
Usijali. Nafasi hatulipishi."

Miaka minne sasa.
Siivui, hata nikioga, hata nikikanda unga;
chini yake ngozi imebaki nyeupe kidogo, kama ya mgeni.
Na lile pengo limejaa mikwaruzo:
gurudumu la cherehani, mdomo wa ndoo,
meno mawili ya Achola alipokuwa akiota meno.
Sijui inasomeka nini.
Kwa bei ya Obiero, ningekuwa nadaiwa sana.