Mikono ya Koti

Mwaka wa sabini na saba niliwapima wote saba
hapa hapa Kanyenye, barazani kwangu,
futikamba shingoni, penseli sikioni.
Mihayo, mpiga solo: mkono inchi ishirini na saba.
Sijaona mkono mrefu namna ile
kwa mtu mfupi vile.
Kasonta wa besi: bega moja limeshuka,
nikalijaza pamba, akanicheka.
Lugoye, mwimbaji, akivuta pumzi
kifua kilizidi kipimo kwa inchi mbili.
"Nikushonee kipi," nikamuuliza,
"kilichonyamaza au kinachoimba?"
"Kinachoimba."

Makoti rangi ya asali iliyochujwa,
vifungo vya shaba, na mfukoni, kwa uzi mwekundu:
IGOMBE JAZZ.

Juzi gari la matangazo lilizunguka tangu asubuhi:
Wamerudi! Walewale! Ukumbi wa Relwe!
Watu wazima wakanyoa ndevu.
Mama Kalunde akatoa gauni la miaka ile,
zipu ikagoma, akaifunika kwa kanga.
Nami nikakata tikiti, mstari wa tatu.

Pazia likafunguka. Makoti niliyajua.
Watu sikuwajua.

"Walewale nani?" mtu akauliza nyuma yangu,
kwa sauti ya kudai chenji.
Mwimbaji shingo nyembamba, kola inamzunguka
kama mchi kwenye kinu cha kuazima.
Besi kashika msichana,
pamba ya Kasonta imemlemea bega.
(Lugoye yu hai, kafungua bucha Dodoma,
hataki kuulizwa.)
Amebaki Sizya tu, kwenye ngoma,
kichwa cheupe, koti halifungi.

Walipoanza ule wa treni ya Mpanda
ukumbi ukagawanyika kama reli pale stesheni,
hawa Mwanza, hawa Kigoma.
Msabila, mstaafu wa posta, akasimama:
"Hapo Mihayo alikuwa anasubiri!
Anasubiri kwanza, ndipo gita linalia!"
"Mzee, Mihayo yuko kaburini mwaka wa kumi na moja.
Tusubiri mpaka lini?"
Kicheko. Wengine mlangoni, wanataka hela zao.
Mabinti wa Isevya, ambao hawakuwa wamezaliwa,
walishaanza kucheza, bila kumbukumbu, bila deni.
Mama Kalunde akifumbua macho, analia kwa hasira;
akifumba, anacheza.

Mimi niliangalia mikono.
Koti la Mihayo kalivaa kijana wa Urambo,
mikono imemmeza hadi vidoleni.
Kila akifika kwenye solo anaipandisha, inashuka,
anaipandisha tena, noti moja inapotea hapo katikati,
na katika lile pengo, wallahi,
nilisikia kule kusubiri.
Sikumwambia Msabila.

Jana alfajiri kijana kaja, koti kwapani.
"Fundi, wamesema wewe ndiye uliyeyashona.
Nipunguzie mikono, inanikwamisha."
Anaitwa Nkwabi. Nikampima: ishirini na nne na robo.
Mkasi nikaushika, nikauweka.
Bitana ya kwapa bado ina ramani ya jasho
ambayo sabuni imeshindwa.
Nikakunja kwa ndani, inchi mbili na robo tatu,
nikapitisha mshono mrefu, wa kufumulika.
"Mbona hukukata?"
"Kitambaa si changu."
Nikamtoza bei kamili.

Kashafika kona ya mashine ya kusaga ndipo nikakumbuka:
usiku ule walikuwa wanapiga Nzega,
na Nkwabi hatakwama tena popote.
Kusubiri kwa Mihayo
nimekushonea ndani ya pindo.
Nikatoka mbio na kandambili, futikamba inapepea,
naita, "We kijana! We!"
Basi lilikuwa limeshawasha moto.