Mali Bila Daftari

Kiwandani mimi ndiye mwenye kalamu.
Hakuna gunia la unga liingialo kwa mlango wa nyuma
bila kupita chini ya macho yangu.
Mikate myeusi elfu mbili na mia nne kwa siku,
na ukipungua mmoja, dereva Osvalds huniona nikishuka ngazi
akaanza kujitetea kabla sijafungua kinywa.

Lakini usiku!
Usiku nafuja kama mrithi mlevi.
Miaka hamsini na mitatu ya kuota:
majumba, mafuriko, arusi, farasi waliolijua jina langu,
na kila asubuhi, birika likichemka,
sanduku tupu.
Mali bila daftari hupotea bila habari.
Waliosema hivyo hawakuwa na unga peke yake akilini.

Basi nikanunua daftari. Jalada la kijani, kurasa mia.
Penseli nikaifunga kwa uzi kwenye mguu wa kitanda
kama mbuzi.
Juma la kwanza niliandika kama karani wa mahakama.
La pili nikafika pale:
nimo ofisini, najumlisha, nikautazama mkono wangu wa kushoto,
vidole sita.
Nikasema kwa sauti, "Ninaota."
Dari ikainuka polepole kama kifuniko cha chungu
na juu yake hapakuwa na mbingu,
ila nafasi, nafasi tu, yangu yote.
Furaha ikaniamsha.
Sekunde nne. Labda tano.

Ungedhani aliyeonja hivyo hatalala tena kizembe.
Nililala kizembe miezi kumi na mmoja.
Januari ya Daugavpils haina huruma na wenye nia:
saa kumi na moja alfajiri, nyuzi kumi na nane chini ya sifuri,
blanketi limekushika kama deni,
na ndoto inatoka kwa ncha za vidole, viatu mkononi,
kama mpangaji aliyekimbia kodi.
Nikajiambia, kesho.
Nikajiambia, hii nitaikumbuka, ya nini kuiandika.
Daftari likawa kisahani cha kikombe;
duara la chai likakauka juu ya jalada.

Kilichonirudisha si nidhamu. Nisijisifu.
Fundi bomba alikuwa mlangoni,
nikatafuta karatasi ya kuandika namba yake,
nikafungua katikati, na pale,
kwa mwandiko wangu, umelala upande kama nyasi baada ya mvua:
"Baba anapiga kodiani. Haina vitufe. Ananiuliza, umekula?"

Sikumbuki ndoto hiyo.
Hata sasa, hata nikifumba macho.
Baba tulimzika mwaka juzi, mwezi wa Machi,
ardhi ngumu hata ikabidi kuletwa mashine.
Kumbe alikuja. Aliuliza.
Na shahidi pekee ni penseli.

"Mama," akasema fundi, "ni yuro ishirini na tano."
Nikampa thelathini, nikasahau kudai chenji,
mimi, mwenye kalamu.

Tangu hapo nafanya yangu bila kelele.
Kabla ya kuzima taa namwambia yule atakayelala:
ukiota, jua unaota.
Mchana nasoma saa ya ukutani mara mbili,
maana ndotoni namba hazitulii.
Ndani ya tramu nahesabu vidole.
Juzi mtoto mwenye kofia ya sufu alinikodolea macho,
akavua glavu, akahesabu vyake pia,
akatulia.
Tukashuka kituo kimoja, kila mtu na tano zake.

Vidole sita havijarudi.
Usiniulize lini; unga ukiumuka hauangalii saa,
na kuchungulia tanuri kila dakika
ndiko kunakoharibu mkate.

Leo nimeamka gizani na neno moja tu,
bila nyumba, bila mtu, bila kisa:
ndoo.
Nikapapasa hadi kwenye uzi.
Nikaliandika. Tarehe. Saa.
Safu ya mapato.