Mbao Zinywe

Niliikuta Chumbageni, uani kwa Shekue,
imefunikwa bati, kuku wakitagia humo.
Futi kumi na nne. Mkuku mzima, mataruma mawili yameoza,
na ubavuni, chini ya rangi nne zilizobanduka kwa zamu,
mkia wa jina: NGU.
Yangu? Mbingu? Uchungu?
Shekue hakujua. Baba yake aliipata kwa deni,
na deni lenyewe hakumbuki lilikuwa la nini.
Nikampa laki na nusu, na ahadi ya banda jipya la kuku.

Mimi si mtu wa maji.
Miaka thelathini na mmoja nimevuta wenzo wa reli,
nikiyaambia mabehewa ya mkonge: huku, si huko.
Nimezaliwa Tanga, nimeoa Tanga,
na tanga lenyewe sijawahi kulishika.

"Ya kuvulia?" akauliza jirani.
Hapana.
"Ya kubebea mkaa, basi. Au watalii."
Hapana. Ya kutoka asubuhi na kurudi kabla ya adhuhuri.
"Ukileta nini?"
Nikaona haya, nikasema: mafua.

Hatibu, fundi wa Sahare, alikuja kwa baiskeli,
patasi mfukoni kama mwalimu na kalamu yake.
Akaizunguka akibisha hodi ubao kwa ubao.
Ulioitika, akaupita.
Ulionyamaza, akauchora chaki.
Ikafika chaki kumi na moja, nikaketi chini.

Miezi minne.
Chuma ukikikosea unakipasha moto, unarudia;
ubao ukiukosea unanunua mwingine.
Misumari ya shaba niliipata Barabara ya Kumi na Mbili,
kwa muuza vyuma chakavu, ikipimwa kwa kilo kama dagaa.
Nikasokota pamba, nikaichovya sifa,
nikaigongea mianyani, ko, ko, ko, hadi magharibi.
"Usishindilie," akasema Hatibu, "acha nafasi."
Nafasi ya nini, hakusema.
Harufu ya sifa ikahamia kwenye mto wa kulalia;
Mwanamkuu akahamia chumba cha watoto.
Tanga alilishona Bi Rukundo wa magauni ya harusi,
yadi kumi na moja za marekani.
Alilitandaza sakafuni, akalizunguka mara mbili,
akauliza: "Kiuno kiko wapi?"

Jumamosi, maji yakijaa,
tukaisukuma kwa mkokoteni hadi Raskazone.
Nilivaa kofia mpya. Nikaingia.
Ikavuja.
Ilivuja kwa kila mwanya nilioupiga kwa mkono wangu,
maji vifundoni, maji magotini,
watoto wa ufuoni wakishangilia kama mpira umeingia.
Nikamtazama Hatibu. Alikuwa akila muhogo wa kuchoma.
"Iache izame," akasema.
"Miaka yote imekaa na kiu chini ya bati.
Mbao zinywe."

Siku tatu ililala chini ya maji
kwa kamba ya mkonge, kama ng'ombe aliyegoma.
Siku tatu nilikwenda kuutazama uzeeni wangu wote,
kiinua mgongo kilichobaki, kimezama futi tatu,
kaa wakiingia na kutoka, wapangaji wapya baada ya kuku.
Usiku nilisikia, au nilidhani nasikia,
ubao ukivimba, ukiegemea mwenzake,
ukijaza nafasi ile.

Siku ya nne tukayakomba kwa ndoo.
Yakabaki maji ya bilauri moja.
Nikayakodolea macho hadi adhana.
Hayakuongezeka.

Nilifika nusu ya njia ya Toteni, nikarudi.
Basi, ndiyo safari yote.
Foromali ilinigonga kichwa mara mbili.
Hapakuwa na wenzo, wala kengele,
wala karani wa kuandika saa niliyofika;
na nilipogeuka kuitazama njia niliyopitia
ilikwisha kufutika.

Mwanamkuu alisimama ufuoni na chupa ya chai.
"Umeleta nini?"
Nikapiga chafya.