Skrubu Moja Imebaki

Pijo 404, rangi ya chai iliyolala,
limekalia mawe manne
nyuma ya nyumba yangu, Buruburu.
Julai. Vidole vimekufa ganzi.

Kabureta nimeifunga mara ya pili,
na ndani ya kopo la Kimbo
imebaki skrubu moja.

Moja tu, ndogo kama punje ya mtama,
nayo inanitazama.
Inasema: Kerubo, wewe ni karani wa bima,
nani alikwambia chuma kinakujua?
Inasema kwa sauti ya shemeji Obwocha,
aliyecheka siku boneti ilipofika kwa mkokoteni:
"Uza vyuma chakavu, ununue friji."

Nikaketi juu ya tairi. Nikanywa chai baridi.
Nikahesabu pesa zilizoishia Barabara ya Kirinyaga,
Jumapili ngapi, kucha ngapi.

Kisha nikafungua daftari kuukuu la mwanangu,
nyuma ya hesabu za kugawanya,
nilimochora kila kipande kilipokuwa kikitoka:
mishale imepinda, mwandiko wa mtu mwenye woga,
lakini mkono ni wangu.
Hapo. Chini ya boya.
Kumbe skrubu ina kwao.

Nikafungua tena. Mara ya tatu si aibu,
ni mara ya tatu.

Saa mbili usiku nikazungusha ufunguo.
Injini haikuwaka, la.
Ila wapa ziliamka,
zikapangusa vumbi la miaka kumi na mmoja
zikikwaruza kioo kikavu,
na katika ile nusu duara iliyotakata
nikaiona taa ya jikoni kwangu.

Kopo li tupu. Kesho, plagi.