Pale Palipokuwa na Gari

Gari la Fumo liliuzwa mwezi wa Rajabu,
akapata nauli ya Doha na chenji kidogo.
Likaniachia doa la oili, upana wa sinia,
na kabro mia mbili na kumi na nne.
Nilizihesabu nikizing'oa kwa nondo
baada ya alfajiri, kabla Tudor haijawa kikaango.

Chini ya kabro, mchanga. Chini ya mchanga, jiwe.
Kadzo muuza mboga akaniletea kutoka kwao Rabai
miche miwili ya mkwamba ndani ya pakiti za maziwa,
mkone mmoja, na kipande cha mbungo
ambacho hata yeye hakukiamini.
"Hivi havitaki mbolea," alisema. "Vyataka uvisahau."

Sikuvisahau. Maji ya mkokoteni ni ghali,
nikavinywesha ya kuoshea mchele.

Jirani yangu Shebwana, sindano mkononi,
kofia juu ya goti, barazani kwake:
"Wafanyani, Riziki? Waleta mwitu mjini?
Mwitu una nyoka. Panda mkilifi, tuchume dawa."
Nikamwambia mkilifi ulivuka bahari,
kama hawa kunguru wanaokuibia samaki.
Akashona tundu tatu, kimya.
"Hata babu yangu alivuka," akasema.
Sikuwa na jibu.

Mwaka mzima hakuja kiumbe.
Kunguru tu, wakikagua sufuria.

Masika ya pili majani yakaanza kutoboka.
Nikanunua dawa Makupa, nikasimama na chupa
kama mtu aliyesahau alichoendea jikoni.
Shebwana akaniomba jani moja.
Akaliinua kwenye mwanga, akalisogeza kwenye miwani.
"Aliyefanya hii ana mkono," akasema.
"Kofia isiyo na tundu ni kitambaa tu."
Chupa iko juu ya kabati. Haijafunguliwa.

Shore walifika Ijumaa, wawili, vichwa vyeusi,
wakala matunda meupe ya mkwamba
kama walioalikwa kwa kadi,
kisha wakatua kwenye kamba ya Shebwana
wakaipiga muhuri kanzu yake ya msikitini.
Nilisikia mlango. Nikasikia jina langu lote,
mpaka la babu.

Wiki tatu hatukusemezana.
Nilikaa na mti wangu, nikiwaza:
husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone.
Na mwenyeji akiwa ndiye aliyefukuzwa,
nani wa kumwambia njoo?

Vuli, kwenye ufa wa baraza yake,
kati ya simiti na jiwe: majani manne.
Nikaenda na kisu, nikiondoe kabla hajakiona.
Nikakuta vijiti vitatu, na uzi wa kofia
umezungushwa, mweupe,
wajukuu wasije wakakikanyaga.

"Hiki ni changu," nikasema. "Samahani."
"Kilikuja na nguo yangu,"
akajibu, macho yako kwenye sindano.
"Kitazaa lini?"